Tiketi ya Kununulia Sabuni

Nyinyi vijana mtakaosoma maneno haya, kaeni vizuri, zimeni kwanza hizo simu, na msianze kucheka kabla sijafika pa kuchekea. Najua mmeshasikia habari hii vipande vipande, huyu anasema nilitaka kutoroka mji, yule anasema nilianguka majini nikavuliwa kwa wavu, na juzi hapa sokoni Baraka nimemsikia mtoto mdogo kabisa anamwambia mwenzake eti bibi yule ndiye alipanda boti na mabunzi ya mahindi. Mabunzi ni kweli. Hayo mengine ni uongo. Kwa hiyo nimeamua kuandika mwenyewe, kwa mkono huu uliosoma madarasa matatu tu, maana aibu yako ukiwaachia wengine waisimulie wanaitia chumvi, na yangu ilikuwa na chumvi ya kutosha tangu siku ya kwanza.

Ilikuwa miaka ya vita. Vita sitavieleza, wanaume wamevieleza na wanaendelea kuvieleza. Mimi naeleza sabuni.

Nyumbani kwangu tulikuwa watu kumi na mmoja. Kulikuwa na mimi, kulikuwa na Neema mke wa mwanangu na batoto wake, na kulikuwa na ndugu za marehemu mume wangu waliokimbia kutoka Kilembwe wakafika kwangu na kuku mmoja na mlango. (Ndiyo, mlango. Walisema nyumba inajengwa tena lakini mlango wa mbao nzuri haupatikani mara mbili.) Wote hao walikula kwenye sabuni. Mimi na Neema tulikuwa tunapika sabuni ya mawese katika nusu ya pipa, tunaimwaga kwenye kalibu ya mbao, na kabla haijakauka nilikuwa napitisha kitana changu juu yake ili iwe na mistari, ipendeze. Kitana kile kilikuwa kimevunjika jino moja katikati, basi mistari ikawa na nafasi pale kati, na kwa kuwa mimi mwenyewe nina pengo mbele tangu usichana, watu wakaiita sabuni ya Pengo. Walidhani sisikii. Nilikuwa nasikia, ila sikujali, maana waliokuwa wanacheka walikuwa wananunua.

Shida ilikuwa njia. Ukitaka kuuza sabuni Nundu, unapita bariyeri zilizofunga barabara, na kila bariyeri ilikuwa na mtu wake, na kila mtu alikuwa na kisu chake. "Mama, ushuru." Anakata. Unatembea, unafika bariyeri nyingine. "Mama, ushuru." Anakata. Sabuni inayotoka Baraka kama tofali inafika Nundu kama biskuti, na mwenye kuinunua anakuuliza kwa nini unauza sabuni iliyokwisha kuogewa.

Ndipo akaja bwana mmoja tuliyemwita Papa Direkta. Waliokuwa wanatawala mji wakati ule walimpa kazi ya utalii. Msicheke, nimewaambia ngojeni. Alikuwa mtu mzuri, mwenye shati jeupe lisilochafuka (sijui alikuwa analifulia nini, au nitasema ninajua, lakini baadaye), na alituita bamama wote wa mji, akasimama mbele yetu.

"Bamama, utalii njo kitu itainua Baraka. Batalii batakuya, batanunua bitu byenu."

Mama Mauwa, jirani yangu, ambaye mdomo wake haujawahi kulala, akanyanyua mkono. "Papa Direkta, mutalii njo nani?"

"Njo mutu anatembea mu inchi ya benzake kwa furaha."

"Anakimbia nani?"

"Hakimbie mutu, mama."

"Na anabeba nini ku kichwa?"

"Habebe kitu. Anaangalia ziwa, anaangalia milima, ananunua, anarudia kwabo."

Sisi wote tulikuwa tumetembea sana miaka ile, wengine mpaka Minembwe kule juu kwenye baridi, wengine mpaka ng'ambo ya ziwa, lakini mtu wa kutembea bila kitu kumfukuza nyuma hatukuwa tumemwona. Mwishowe mama mmoja akanong'ona: "Huyo njo mugonjwa." Tukacheka, na Papa Direkta akacheka pia, na hapo nikampenda.

Basi akafungua duka lake katikati ya mji, si bandarini, katikati kabisa, karibu na soko. Alilipaka rangi ya bluu, akaweka kioo kimoja cha kweli, na juu akaandika DUKA BILA USHURU KWA WASAFIRI. Mle ndani kuliwekwa vitu vya kwetu tu, asali ya milimani, mikeka, dagaa waliopangwa kwenye makopo safi, vikapu, na bageni walinunua kweli, hao watu wa misaada na wafanyabiashara wa ng'ambo na marubani wa zile ndege ndogo. Lakini sheria ilikuwa kali. Sisi wenye kutengeneza tulileta mzigo kwa mlango wa nyuma na kurudi kwa mlango wa nyuma. Kwa mlango wa mbele aliingia msafiri peke yake, mwenye tiketi ya kutoka nchini, maana, Papa Direkta alieleza, kitu kisicholipiwa ushuru kikibaki mjini ni magendo, na watu wa dwani, hao wa ushuru, wakiona magendo watafunga duka siku hiyo hiyo.

Kila wiki nilipeleka beseni zima la sabuni kwa mlango wa nyuma. Hakuna kisu, hakuna bariyeri. Ilipokelewa ikiwa tofali na kulipwa ikiwa tofali. Watu kumi na mmoja wakala.

Sasa hapo ndipo ujinga wangu unapoingia.

Kwanza mjue kwamba kanisani mimi nilikuwa mama mshauri, kazi yangu kuwanyoosha bamama. Na muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimemnyoosha Mama Mauwa. Alisema anaumwa mgongo hawezi kulima shamba la kanisa, kumbe siku hiyo alikuwa kwenye arusi, na mgongo ule ule alikuwa anauchezesha katikati ya ngoma. Nilimsimamisha mbele ya bamama wote nikamwambia aseme mara tatu: njia ya mwongo ni fupi. Alisema. Mara ya tatu alikuwa ananiangalia machoni.

Huyo Mama Mauwa alipata kazi ya kufagia lile duka. Asubuhi moja akaja nyumbani, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Mama Riziki, pole."

"Pole ya nini?"

"Hausikie? Iko sabuni mupya mule mu duka. Inavaa karatasi nyeupe na kamba nyekundu, kama bibi arusi. Na inanukia muchaichai. Bageni banabeba kartoni mbili, kartoni tatu."

"Na yangu?"

Akatazama juu, akatazama chini. "Yako siione. Niliangalia rafu zote. Pengo haina."

Neema aliacha kukoroga. Mimi nilijifanya natafuta kijiko. Lakini moyo ulikuwa umeshuka mpaka kwenye pipa, maana nilielewa mara moja: Papa Direkta amepata sabuni ya nje, nzuri kuliko yangu, yangu anaipokea kwa huruma tu, na siku huruma itakapokwisha nitarudi kwenye bariyeri na visu vyao. Watu kumi na mmoja, na kuku mmoja, na mlango.

Mtu mwenye akili angemwendea Papa Direkta akamuuliza. Mimi nilikuwa na kiburi, na kiburi hakiulizi. Nikasema moyoni, nitaipata hiyo sabuni, kipande kimoja tu, niinuse, niipasue, nijue wametia nini, kisha na mimi nitatia. Lakini kuipata lazima uingie kwa mlango wa mbele, na mlango wa mbele unataka tiketi. Basi nitanunua tiketi, nitaingia nayo, nitatoka na sabuni, nitarudisha tiketi. Jambo dogo. (Andikeni mahali maneno hayo, jambo dogo.)

Ijumaa nikamwendea nahodha Etabo, mwenye boti la mota la kwenda Kigoma.

"Nahodha, nipe tiketi."

"Ya nani, mama?"

"Yangu."

Alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi anapanda ngazi. Mimi, tangu nizaliwe, maji yalikuwa hayajapita goti langu isipokuwa siku ya ubatizo. Akaandika jina langu. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, na mtu akibadili mawazo? Akasema tiketi hairudishwi. Nikasema haya, basi itapotea, sabuni ni muhimu zaidi. Lakini kile nisichokijua ni kwamba kwa sababu ya usalama wa wakati ule, majina yote ya wasafiri yalisomwa ufukweni kwa kipaza sauti, na orodha ikapigiliwa msumari kwenye nguzo. Sijafika hata nyumbani nikasikia jina langu linaruka juu ya mabati ya mji mzima, jina la baba yangu na la babu yangu yakifuata nyuma.

Neema alikuwa mlangoni. "Mama, unaenda Kigoma?"

Hapo ndipo ningesema kweli. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka ni: "Kumusalimia dada yangu Salome."

Dada yangu Salome alikuwa ng'ambo kweli, kwenye makambi ya wakimbizi, na nusu ya Baraka ilikuwa na mtu kule. Mnaelewa kilichofuata. Kabla jua halijashuka walianza kuja. Barua kwa mume. Barua kwa mama mkwe. Picha ya mtoto aliyezaliwa baba yake hajamwona. Mzee mmoja, hajui kuandika, akaniletea ujumbe wa mdomo kwa kaka yake, wenye matusi mawili na ombi la msamaha, akanifanya niurudie mpaka nikaujua kwa kichwa. Na kila mmoja alisema, Mama Riziki, tunakuaminia wewe, wewe hausemi uongo. Kila mara waliposema hivyo nilimeza mate, na mate yalikuwa machungu kama soda ya sabuni.

Jumamosi nikavaa kikwembe changu cha sikukuu, viatu vilivyonibana, nikachukua tiketi nikaingia kwa mlango wa mbele. Batoto wangu, palikuwa pazuri mle. Palikuwa na utulivu kama kanisani siku ya kazi. Na pale kwenye rafu ya kati, juu ya kitambaa, nikaiona: karatasi nyeupe, kamba nyekundu, harufu ya mchaichai imejaa hewani. Niliona wivu nusura nilie. Papa Direkta mwenyewe akaja mbio.

"Mama Riziki! Kumbe na wewe uko musafiri?"

"Niko musafiri," nikasema, shingo ngumu. "Nipe ile."

Akafungua mdomo kama mtu anayetaka kusema jambo, akaangalia tiketi, akaangalia uso wangu (uso wangu wakati ule haukuwa wa kuulizwa maswali), akafunga mdomo. Nikalipa. Nikanyoosha mkono.

Hakunipa. Akaitia sabuni katika mfuko wa karatasi, akaufunga kwa uzi, akadondosha nta ya mshumaa juu ya fundo, akapiga muhuri. "Mama, sheria. Unalipa hapa, unapokea mu boti. Ikishafungwa hivi hatufungue mpaka uvuke ziwa."

Nilibaki mkono hewani. Sabuni yangu nimeilipia, iko pale, na iko mbali kama Kigoma. Na kipande hicho si pesa ndogo, kilinigharimu zaidi ya ninacholipwa kwa karibu nusu ya beseni. Basi nikafanya hesabu mpya ya kijinga juu ya ile ya kwanza: Jumatatu nitapanda boti, nitapokea mfuko, halafu nitasema nimesahau kitu, nitashuka. Nikaazima valizi, sanduku la safari, kwa mke wa mchungaji ili nionekane msafiri wa kweli. Lakini valizi tupu linacheza mkononi, kila mtu anaona. Nikalijaza mabunzi ya mahindi yaliyokwisha kupukuchuliwa, nikaweka gunia juu, nikafunga.

Jumapili mchungaji akanisimamisha kanisani. Niliombewa. Niliombewa kwa muda ambao mtu angeweza kuchemsha maharage. Nilipofungua jicho moja nikamwona Mama Mauwa kwenye benchi la pembeni, na yeye amefungua jicho moja.

Jumatatu asubuhi, sasa mnaweza kucheka kidogo. Kwetu mtu hasafiri peke yake, anasindikizwa. Nilidhani atanisindikiza Neema. Nilisindikizwa na kwaya. Kwaya nzima, na sare zao, na ngoma mbili, na mchungaji, na wenye barua wote wakihakikisha barua zao, na ndugu wa Kilembwe wamembeba yule kuku (alikuwa zawadi ya Salome, wametoa kuku wao wa pekee, na niliposema sitaki walisema ni unyenyekevu wangu). Nilitembea mbele ya umati ule na valizi la mabunzi, viatu vinanibana, nikiwa nimeinua kichwa, kwa sababu nikikishusha nitalia.

Nikapanda. Nikakaa karibu na ngazi kabisa ili nishuke haraka. Nikamwambia mtu wa dwani, nipe mfuko wangu. Akasema subiri, mama. Nikasubiri. Watu wakapanda, mizigo ikapanda, mgeni mmoja mwanamke mwenye kofia kubwa akakaa karibu yangu na kartoni yake. Nikasema tena, nipe mfuko wangu. Akasema mifuko ya duka inatolewa ngazi ikishaondolewa. Na kweli, vijana wakavuta ngazi, ndipo mfuko ukawekwa mapajani mwangu.

Nikasimama. "Shusheni mi! Nimesahau dawa!"

"Dawa gani, mama?" watu wakapaza sauti kutoka ufukweni.

"Ya... ya mugongo!"

(Mgongo! Kati ya viungo vyote alivyoumba Mungu, nikachagua mgongo.)

"Tutakutumia na boti ingine!" Na kwaya, kuona machozi yangu, ikadhani ni uchungu wa kuagana, ikaongeza sauti. Mota ikaunguruma. Baraka ikaanza kurudi nyuma, na mimi nimesimama nimeshika kuku.

Sitaeleza nilivyojisikia juu ya maji. Nitasema tu kwamba nilitapika juu ya kofia ya mgeni, naye alikuwa mpole, akasema hakuna shida kwa Kiswahili cha kitabu. Hatukuwa tumepoteza hata nyumba za mji machoni, mota ikakohoa, ikakohoa, ikanyamaza. Nahodha Etabo akafungua, akanusa, akatukana mtu aliyemuuzia mafuta yenye maji. Wanaume wakashika makasia. Turudi, akasema nahodha, na mimi nikasema asante Bwana kwa sauti kiasi cha wote kugeuka.

Sikujua kwamba kurudi ndiko kubaya zaidi.

Kwaya ilikuwa bado ufukweni, inakula mandazi. Walipotuona wakaja wote majini. Mtu mwingine wa dwani akaja pia, kijana mwenye kofia ya kazi na haya machoni, akasema kwa heshima: "Shikamoo, mama. Bitu byenye bilitoka bila ushuru, bikirudia ku inchi, lazima tuangalie. Byako na bya mama mugeni. Na mizigo pamoja."

"Hakuna kuangalia," nikasema. "Mota njo yenye ilikufa, mi sikuvunja sheria."

"Mama, kama sikuangalie, bakubwa batasema duka inapitisha magendo. Itafungwa leo."

Nikawaona bamama wengine nyuma yake, wa mikeka, wa vikapu, mama mmoja wa asali aliyeshuka kutoka milimani. Wote walikuwa wanamwangalia yeye na kuniangalia mimi. Duka likifungwa kwa sababu yangu, wote wanarudi kwenye visu. Nikaweka valizi chini. Nikamwambia: fungua.

Akafungua. Akatoa gunia. Akatazama ndani kwa muda. Kisha akachukua bunzi moja akaliinua juu, taratibu, kama mtu anayetafuta jina la kitu hicho.

"Mama... hii utapeleka Kigoma?"

Ufukwe mzima ulinyoosha shingo. Hata kuku. Nikajua hakuna tena kona ya kujificha, nikasema yote, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, kama nilivyozoea kuwasimamisha wengine. Nikasema sikuwa nasafiri. Nikasema sikuwa nakwenda kwa Salome. Nikasema nilitaka kuona sabuni ya nje inayoniharibia kazi, nilitaka kuipasua nijue siri yake, na barua zenu zote ziko hapa, samahani.

Kijana wa dwani akavunja nta. Akafungua uzi, akatoa sabuni, akafungua kamba nyekundu, akakunjua karatasi nyeupe. Majani makavu ya mchaichai yakadondoka mchangani. Na pale kwenye kiganja chake, mbele ya kwaya na mchungaji, ikakaa sabuni ya mawese yenye mistari, na katikati ya mistari, nafasi ya jino moja.

Aliyepiga kelele kwanza ni mtoto. "Pengo! Ni Pengo!"

Sijawahi kusikia Baraka ikicheka vile, na nakumbuka nikiwaza, katikati ya aibu ile, kwamba zilikuwa siku nyingi tangu niwasikie watu wengi hivyo wanapiga kelele pamoja bila kukimbia. Mpiga ngoma alikalia ngoma. Mchungaji aligeuka ziwani, mabega yanatetemeka. Mama Mauwa akaja mbele, akaweka mikono kiunoni. Alikuwa amengoja siku hiyo.

"Njia ya muongo ni fupi, mama," akasema. "Hata ya maji."

Nikamwambia aseme mara tatu. Akasema mara tatu. Mara ya tatu tulikuwa tumeshikana mikono tunacheka wote wawili, mimi na machozi. Nikamuuliza kama alijua. Akaapa hakujua, yeye anafagia chini, hafungui karatasi. Mpaka leo sijui nimwamini au nisimwamini.

Papa Direkta alikuja anakimbia, shati jeupe (sasa nasema: alilifulia Pengo hiyo hiyo). Akasema alitaka kuniambia pale dukani lakini aliogopa uso wangu. Alidhani bageni hawatanunua sabuni yenye mistari iliyovunjika, kwa hiyo akaificha ndani ya karatasi. Ndipo yule mgeni mwanamke, kofia yake bado mbichi kwa kazi yangu, akafungua kartoni yake, akapasua karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaipitisha kidole kwenye pengo. "Kumbe mnatengeneza hapa hapa?" akauliza. "Nilidhani imetoka ng'ambo." Akaniomba nimwonyeshe kitana. Nikamtolea kutoka kichwani. Tangu siku hiyo karatasi ya duka ilikatwa tundu katikati, ili pengo lionekane, na bei ya beseni tukaizungumza upya, mlango wa mbele, nimekaa kwenye kiti. Duka lenyewe halikudumu, vita viligeuka tena na kioo kile kikavunjika, lakini wakati lilipokuwa wazi hakuna aliyelifunga kwa sababu yangu.

Mchungaji alisema maombi yake yamejibiwa, aliomba niende na kurudi salama, na nimerudi. Barua nilimpa nahodha Etabo, zikafika wiki iliyofuata. Ujumbe wa yule mzee nilimfundisha nahodha, na matusi mawili. Kuku alirudi kwa ndugu wa Kilembwe, maana yake alirudi kwangu.

Lakini nililotaka mlijue ni hili la mwisho. Nilipofika nyumbani nilitupa ile sabuni juu ya jiwe la kuogea nikaenda kuvua vile viatu. Neema akaichukua akawaogesha batoto. Mjukuu wangu mkubwa, msichana, alitoka anang'aa, ananusa mikono yake, akaniambia: "Bibi, hii sabuni ni nzuri sana. Na sisi tutengeneze kama hii."

Nilikaa chini. Miaka yote ile, kila tofali lilikwenda kuuzwa. Nyumba yangu ilikuwa inaoga kwa makombo ya kalibu na maji ya kusuuzia pipa. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kupaka povu lake mwilini. Ndiyo sababu niliogopa karatasi nyeupe, sikujua ndani ya beseni langu kuna nini.

Nikawaita wote kumi na mmoja uani, wakubwa kwa wadogo, nikasimama mbele yao na kitana mkononi, nikasema: "Sikieni. Kila tukipika, kipande cha kwanza kinabaki hapa na kinaogewa hapa, mpaka kiishe. Na mtu wa nyumba hii akiulizwa unaenda wapi, aseme anakoenda, hata kama ni chooni. Neema, washa moto."